Machimbo ya Urani na Maji ya Kunywa: Maswali ya Watu wa Namtumbo

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Chama, katika bwalo la shule, Songea.)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazee mliotutangulia katika mabweni haya, wenzangu wa rika langu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vyote vimekaliwa na wazee wenye vitambi:

Ndugu Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya fursa za uchumi katika Mkoa wetu wa Ruvuma. Nilimjibu kwamba nitazungumza juu ya fursa moja tu, na kwamba nitakapomaliza huenda baadhi yenu mtauliza ni fursa ya nani. Akasema njoo hivyo hivyo. Basi nimekuja hivyo hivyo.

Wengi mnanifahamu. Mimi nilikuwa bwana shamba, na miaka ya mwisho ya kazi yangu niliimalizia Namtumbo, ambako mpaka leo nina nyumba, shamba la mahindi na ufuta, na kisima. Nawaomba mkikumbuke hicho kisima. Ninayoyasema siyasemi kama mgeni aliyepita na gari.

Kwa ninyi mnaoishi Dar es Salaam na Mwanza, na ambao habari za huku mnazisikia msibani tu, hapana budi nieleze kwanza jambo lenyewe. Kaskazini mwa Wilaya ya Namtumbo, kule ambako zamani tulikuwa tukisema ni pori la Selous na basi, kuna mto unaoitwa Mkuju. Karibu na mto huo, mahali palipopewa jina la Nyota, kuna mwamba wenye madini ya urani. Watafiti walikuja kwa nguvu katika miaka ile ambayo bei ya urani duniani ilipanda kama moshi. Mwaka 2007 ratili moja ilifika dola 136 hivi. Kampuni iliyoshughulika na eneo hilo ilikuwa Mantra Resources ya Australia, na mwaka 2011 ikanunuliwa na ARMZ, shirika la serikali ya Urusi. Mradi ukawekwa chini ya Uranium One, ambayo ni tawi la shirika kubwa la nguvu za atomiki la nchi hiyo, Rosatom.

Eneo lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, na Selous ilikuwa imeandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1982. Kuchimba ndani ya Urithi wa Dunia hakuruhusiwi. Serikali yetu ikaomba mpaka usogezwe, na mwezi Julai 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia, ilipokutana St Petersburg, ikakubali kulitoa eneo la mradi nje ya mpaka. Kwa ukubwa ni kipande kidogo, hakifikii asilimia moja ya Selous nzima. Mwaka 2013 leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa. Halafu bei ikaanguka, na kufikia 2017 shughuli zikasimama. Zikakaa kimya. Kisha bei ikafufuka, na mwezi Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifika Namtumbo kuzindua mtambo wa majaribio wa kusafisha urani, uzalishaji mkubwa ukipangwa kufuata miaka michache baadaye.

Hayo ndiyo mambo yaliyoandikwa magazetini. Mimi nataka kuzungumza juu ya watu waliosema hapana, au waliosema ngojeni kwanza. Watu hao wameitwa majina mengi: wapinga maendeleo, watu wanaotumwa na Wazungu, watu wasiosoma. Nimekaa nao, na nadhani majina hayo si haki yao.

Ni kweli kulikuwa na Wazungu waliopinga. Vyama vya uhifadhi huko Ulaya, hasa Ujerumani, vilipiga kelele sana mwaka ule wa 2012. Lakini ukisoma waliyoandika utaona kwamba kwa sehemu kubwa walizungumza juu ya tembo. Siwalaumu, maana tembo nao walikuwa katika hali mbaya. Hesabu ya mwaka 2013 iliwakuta 13,000 hivi katika eneo lote la Selous, na mwaka uliofuata Selous ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Waliowamaliza walikuwa majangili, na wala mgodi ulikuwa bado haujachimbwa. Watu wa Namtumbo hawakuanza na tembo. Mwenye shamba la mahindi kando ya pori ana maoni yake juu ya tembo, na hayafai kuchapishwa katika gazeti la shule. (Kicheko.) Watu wa Namtumbo walianza na maji.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa hadhara katika kijiji ambacho sitakitaja, wakati mambo yalipokuwa moto. Wageni walikuja na picha na vipaza sauti, wakaeleza habari za ajira, barabara, zahanati. Walieleza kwa adabu, nami sina la kuwasema. Akainuka bibi mmoja, mkulima, akauliza: "Hayo mawe mkishayasaga, unga mnauchukua. Pumba mtaziweka wapi?"

Watu wakacheka. Mgeni naye akacheka, akasema mama, haya si mahindi. Akaendelea na swali la mtu mwingine.

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya ukulima miaka yote hiyo na nimesoma kidogo, na nawaambia kwamba katika mkutano ule hakuna aliyeuliza swali la kitaalamu zaidi ya lile. Ninyi vijana wa mchepuo wa sayansi nisikilizeni hapa. Mwamba wa Nyota ni mwamba wenye urani kidogo. Katika tani moja ya mawe, yaani uzito wa magunia kumi ya mahindi ya kilo mia, unapata urani isiyofika nusu kilo. Nusu kilo ni ule mfuko mdogo wa sukari wa dukani. Mfuko huo unakwenda bandarini. Magunia kumi yanabaki palepale, yamesagwa kuwa tope na kuchanganywa na tindikali. Tena si tope la kawaida. Urani ikishatolewa, zile asili nyingine zilizozaliwa nayo mwambani, kama radiamu na thoriamu, hubaki katika tope, na mionzi inayobaki humo ni kiasi cha asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa katika mwamba. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Thoriamu ya aina hiyo huchukua miaka 75,000 hivi. Leseni ya mgodi ni ya miaka michache. Kwa hiyo yule bibi alikuwa akiuliza ni nani atakayekaa na pumba kwa muda wa miaka elfu kadhaa, na akajibiwa kwamba haya si mahindi.

Tena tangu miaka ya 2010 imekuwa ikizungumzwa njia nyingine, ya kutosaga mawe kabisa, bali kushusha tindikali ardhini kwa visima, iyeyushe urani huko huko chini, kisha kuivuta juu kwa visima vingine. Kwa njia hiyo hakuna shimo kubwa wala mlima wa tope. Lakini tindikali hiyo inapita katika maji yaliyomo ardhini, na ndiyo maana hata Kamati ya Urithi wa Dunia iliuliza juu yake. Maji ya upande ule huelekea Luwegu. Luwegu ukikutana na Kilombero ndio Rufiji, na kwenye Rufiji ndiko lilikojengwa Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba haya ni mambo ya Wandendeule na Wangoni peke yao.

Sasa nirudi mkutanoni, kwa sababu mambo hayakuishia kwa bibi. Aliinuka kijana mmoja, ambaye baadaye niliambiwa kwamba ni mjukuu wake, akasema: "Bibi, mimi nimemaliza kidato cha nne, nipo tu. Hizo pumba nitazilinda mimi, ilimradi nilipwe mshahara." Safari hii hakuna aliyecheka. Kijana alisema kweli. Nataka tuitazame kweli yake kwa makini ileile tuliyoitazama ya bibi yake, maana humu ukumbini wako vijana ambao wangesema vivyo hivyo, na wazazi wao wangewaunga mkono.

Mkoa huu umekuwa ukitafuta fedha mbali tangu zamani. Wakati wa Mwingereza, Songea ilihesabiwa kuwa ghala la manamba, na babu zetu walikwenda kukata mkonge Tanga. Aliyetaka kukaa nyumbani ilimpasa awe na tumbaku. Chama kikuu cha ushirika cha Ngoni-Matengo, NGOMAT, kilianza mwaka 1936, na kwa miaka mingi tumbaku ya moshi ndiyo iliyojenga nyumba za bati na kulipa karo za baadhi yetu tulioketi hapa mbele. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima. Viliporudishwa, havikurudi na nguvu zile. Kiwanda cha tumbaku hapa Songea kilikaa miaka mingi kimefungwa, na tumbaku ya mkulima wa Namtumbo ikawa inasafirishwa kwenda Morogoro. Mbinga walikuwa na kahawa, na chama chao cha MBICU kikafilisika katika miaka ya 1990. Tukaambiwa limeni mahindi. Tukalima mahindi mpaka mkoa ukawa miongoni mwa wanaolisha nchi. Mwaka 2017 kukawa na katazo la kuuza mahindi nje, bei ikaporomoka, na nilishuhudia watu wakiyaacha magunia barazani kwa sababu nauli ya kuyapeleka sokoni ilikaribia bei yake.

Mtu aliyepitia hayo akisikia kuna mgodi unaajiri, lazima moyo wake uruke. Nami wangu uliruka. Mnamo 2012 na 2013 Namtumbo palichangamka. Watu walijenga nyumba za wageni, wakafungua mahoteli ya chakula, wakanunua pikipiki kwa mkopo. Mmoja wa majirani zangu alijenga vyumba kumi na viwili. Mwaka 2017 vyumba kumi vilikuwa vimefungwa, na katika viwili alikuwa amehifadhi alizeti.

Kilichotokea ni hiki. Machi 2011 mawimbi ya bahari yaliharibu mitambo ya atomiki ya Fukushima, huko Japani. Mauzo ya Mantra kwa Warusi yalikuwa bado hayajakamilika, na bei ya kampuni ikapunguzwa mara moja. Mnunuzi alipata nafasi ya kujihesabu upya. Bei ya urani ikaendelea kuteremka mpaka mwisho wa mwaka 2016 ilipokuwa chini ya dola 20 kwa ratili. Mwezi Januari 2024 ilivuka dola 100. Katika kupanda na kushuka huko kote hakuna jambo hata moja lililoamuliwa Namtumbo. Mwenye vyumba kumi na viwili hakuwa na wa kwenda kwake kujihesabu upya. Ndiyo maana nasema kwamba wengi waliosema ngojeni kwanza walisema hivyo kwa hesabu ya uchumi. Walikuwa wamekwisha kuishi kwa bei ya tumbaku na bei ya kahawa, na waliijua harufu ya mambo haya.

Tena hawakuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Mbinga, kule Ngaka, makaa ya mawe yamekuwa yakichimbwa tangu 2011 na kampuni ya TANCOAL, ambayo ilianzishwa kwa hisa 30 za Shirika letu la Maendeleo la Taifa na 70 za kampuni ya Australia. Nitasema yaliyo mema. Kazi zimepatikana, na vijana wa Ruanda na vijiji vya jirani wamejifunza udereva na ufundi. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na nchi za Ulaya zikaacha kununua makaa ya Urusi, bei ilipanda na malori yakaongezeka kupita kiasi, usiku na mchana, kupitia Songea na Namtumbo na Tunduru mpaka bandari ya Mtwara. Wenye maduka ya vipuri walineemeka. Lakini waulizeni wakazi wa kando ya barabara ile juu ya vumbi jeusi kwenye vyombo, na juu ya watoto wanaovuka kwenda shule. Halafu waulizeni ni nani kati yao aliyekuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha hali ya hewa na maji kabla lori la kwanza halijapita. Mimi niliuliza. Sikuonyeshwa hata moja.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonileta.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, katika Wilaya ya Karonga, kuna mgodi wa urani unaoitwa Kayelekera. Ulifunguliwa mwaka 2009 na kampuni ya Paladin ya Australia. Kabla ya kufunguliwa, vyama vya raia viliupeleka mradi mahakamani, na mwaka 2007 wakapatana nje ya mahakama. Katika mapatano hayo kampuni ilikubali kutoa fedha kwa ajili ya maji ya mji wa Karonga. Kumbukeni kwamba wasingeshtaki, wasingeyapata. Mwaka 2013 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya haki ya chakula alikadiria kwamba kwa misamaha ya kodi iliyotolewa, Malawi ingekosa mapato yanayofika dola milioni 281 katika muda wote wa mgodi. Mwaka 2014 mgodi ukafungwa kwa sababu ya bei, na watu wakarudi makwao. Januari 2015 mvua kubwa ya radi ikaharibu utando wa tangi moja la maji machafu. Ukazuka ubishi: maji yametoka au hayajatoka, yamefika mtoni au hayajafika. Mto ule humwaga maji yake katika ziwa hilihili ambalo ndugu zetu wa Mbamba Bay wanavua samaki. Mwaka 2020 mgodi uliuzwa kwa kampuni nyingine, na mwaka 2025 umeanza tena kazi.

Na kwetu Tanzania, Mei 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, Tarime, yakaingia mto Tigithe. Yaliyofuata mnayakumbuka. Kila upande ulikuja na vipimo vyake. Wanavijiji wakaonyesha vidonda, wataalamu wakaonyesha majedwali, na miaka ikapita katika kubishana.

Sasa tujiulize juu ya Namtumbo. Ardhi yenye urani huwa na urani kidogo katika maji yake hata kabla ya mtu yeyote kuchimba. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 30 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Katika kisima changu mimi kuna ngapi? Kama leo ni 4 na miaka kumi baadaye ni 40, nina hoja. Kama leo tayari ni 40, basi ninywe maji ya mahali pengine na nisimsingizie mtu. Pasipokuwa na kipimo cha leo, kampuni inaweza kusema siku zote yalikuwa hivyo, nasi tunaweza kuitupia kampuni kila kikohozi na kila ng'ombe aliyekufa, na wote tutakuwa tunasema tusichokijua. Kampuni ina vipimo vyake, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inautaka mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini. Lakini vipimo vya mwenye mali peke yake, vilivyoandikwa kwa Kiingereza katika kitabu kinene kilichoko Dodoma, havimsaidii bibi yule. Mnunuzi wa tumbaku alikuwa na mizani yake, ndiyo. Sisi katika ushirika tulikuwa na yetu pia, na kila mtu hapa anajua kwa nini.

Wanasheria wetu waliomo humu watanisahihisha nikikosea. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi akitaka kufanya kazi katika mita 200 za nyumba inayokaliwa, au karibu na shamba. Ni kinga nzuri kwa wa Ngaka. Kwa Mkuju haina kazi, kwa kuwa pale hapakuwa na nyumba wala shamba. Palikuwa pori. Anayekaa chini ya mto hana ardhi iliyochukuliwa, kwa hiyo hana fidia, na kwa hiyo hakuna mahali katika fomu pa kuandika jina lake. Kwa upande mwingine, sheria za mwaka 2017 zinaitaka serikali iwe na hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia, na Halmashauri ina ushuru wake wa huduma unaotokana na mauzo. Sheria ya uwazi ya mwaka 2015 inataka mikataba ya madini itangazwe. Nimewaona wanasheria wanne katika safu ya tatu. Ndugu zangu, nawaomba mwombe mkataba, muusome, na mje kutueleza kwa Kiswahili. Kama ni mzuri tutaufurahia pamoja.

Mtaniuliza mimi mwenyewe nasimama wapi, kwa maana nimezungumza kama mtu aliyekalia ua. Nasimama na waliosema ngojeni. Nasema hivyo nikijua kwamba kwa kijana wa kidato cha nne aliyepo tu, kungoja kuna gharama, na kwamba mimi nina pensheni, ingawa ndogo, nayo inanipa ujasiri ambao yeye hana. Simwambii akatae kazi. Namwambia kwamba kipimo cha maji hakimzuii mtu kuajiriwa, na kampuni ambayo ni safi haina sababu ya kukiogopa. Mtambo mkubwa ukishaanza, kipimo cha kabla hakipatikani tena kwa fedha yoyote. Muda uliopo ni huu, na sidhani ni mrefu.

Kuna waliosema kwamba mambo haya ni makubwa, tuyaachie Serikali. Serikali ina Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye wataalamu wazuri, na sisemi tufanye kazi yao. Lakini mkoa huu una historia ya watu wa vijijini kujiendeshea mambo yao. Wazee mnaikumbuka Litowa, na ile Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, kabla haijafutwa Septemba 1969. Hawakuwa na maprofesa. Walikuwa na mkutano wa jioni na daftari la mahesabu. Lililowakuta ni hadithi nyingine, nami sikupewa muda wa kutosha kuisimulia, tena Ndugu Mwenyekiti ananitazama saa.

Kwa hiyo natoa ombi mahususi kwa Chama. Katika mkutano huu tumepanga kuchangia ukarabati wa lango la shule, na lango lenyewe ni zuri. Naomba sehemu ya mchango huo itumike kwa miaka mitatu kupima maji, kiangazi mara moja na masika mara moja, katika visima na mito ya vijiji vilivyo karibu na njia ya mradi: Likuyu Sekamaganga na jirani zake, pamoja na Mbarang'andu na Luwegu mahali panapofikika kwa gari. Uchachu wa maji, ukavu wa kisima na rangi ya maji vinaweza kupimwa na wanafunzi wa kidato cha tatu wakiwa na mwalimu wao wa kemia. Nimezungumza naye, yuko tayari. Urani na radiamu lazima zipelekwe maabara, nazo ndizo zenye gharama. Waliosomea kemia na sasa ni wakubwa huko mjini watujulishe maabara gani itatupa bei ya kindugu bila kutupa majibu ya kindugu. (Kicheko na makofi.) Majibu yabandikwe katika ofisi ya kila kijiji, kwa Kiswahili, na nakala ipelekwe Halmashauri, na nyingine kwa kampuni wenyewe, ili asiwepo wa kusema alifichwa.

Wamekuwapo walioniambia faraghani kwamba tukifanya hivi tutaonekana tunaleta siasa shuleni. Sioni siasa katika chupa ya maji. Hata hivyo, nimemwomba Mkuu wa Shule aandike kwanza kwa Mkuu wa Wilaya kumjulisha, nimwachie yeye maneno ya kutumia, kwa kuwa barua zake zina adabu kuliko zangu.

Chupa za kwanza ishirini nimezinunua mwenyewe, ziko kwenye boksi pale mlangoni, zimeoshwa. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa Ndugu Katibu. Tunahitaji gari moja la kwenda Namtumbo Jumamosi ijayo, lenye matairi ya kuaminika, na mtu wa kukaa na daftari. Kisima cha kwanza kitakuwa changu. Kama kuna maswali, Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kujibu.